Cheti hakinunui kahawa

Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi ni katibu wa chama cha msingi cha ushirika (AMCOS) hapa Mbinga. Tuna wanachama 412 na kituo chetu wenyewe cha kumenyea kahawa mbivu. Msimu uliopita tulipata tani 40 hivi za kahawa safi, yaani iliyokwisha kukobolewa. Sasa amekuja mnunuzi, anasema tukichukua cheti cha biashara ya haki tutauza kwa bei nzuri na kijiji kitapata fedha za maendeleo. Wazee wanaona ni neema. Vijana wanasema ni ulaji mwingine wa watu wa ofisini. Mkutano mkuu umekaribia na mimi ndiye nitakayesimama kueleza. Je, biashara hii inainua jamii kweli, au inainua viongozi? Na tukikubali, atakayefaidika hasa ni nani?

Jibu: Marahaba, ndugu katibu. Nashukuru umeuliza kabla ya kutia saini. Nimeshughulika na vyama vya kahawa na chai kwa zaidi ya miaka 20, na barua nyingi zinazonifikia huandikwa wakati cheti kimeshatundikwa ukutani na wanachama wanaulizana fedha ziko wapi.

Wazee wako wana hoja, na vijana wako wana hoja. Biashara ya haki imewainua watu, ushahidi upo na nitakueleza. Lakini haimfikii kila aliye kijijini, na haina nguvu ya kufanya kitu peke yake. Cheti ni ruhusa ya kuuza kwa masharti fulani. Anayenunua kahawa ni mtu, na mtu huyo asipokuwepo, chama kinabaki na karatasi pamoja na ankara ya ukaguzi. Ankara hiyo huja kwa yuro, na huja hata mwaka ambao hamkuuza gunia moja chini ya nembo.

Kwanza mweleze kila mwanachama tunazungumzia nembo ipi, maana siku hizi zipo nyingi na wanunuzi huzichanganya, wengine kwa bahati mbaya na wengine kwa makusudi. Ipo ya kilimo hai. Ipo ya Rainforest Alliance, yenye chura, ambayo mwaka 2018 iliungana na nembo nyingine iitwayo UTZ. Ipo Fairtrade, ndiyo hiyo biashara ya haki yenyewe, ile yenye mkunjo wa bluu na kijani. Kati ya hizo tatu, ni Fairtrade pekee inayoweka bei ya chini ambayo mnunuzi haruhusiwi kushuka chini yake. Mnunuzi wenu akisema tu "cheti cha haki", mwombe aitaje nembo kwa jina na aiandike kwenye barua.

Habari hii ilianzia Mexico. Wakulima wadogo wa jimbo la Oaxaca walikuwa na ushirika wao, UCIRI, uliojengwa pamoja na padri Mholanzi, Frans van der Hoff. Yeye na Nico Roozen wa shirika la Solidaridad wakaanzisha nembo ya kwanza ya biashara ya haki, Max Havelaar, huko Uholanzi mwaka 1988. Mwaka uliofuata, 1989, mkataba wa kimataifa wa kahawa uliogawa viwango vya mauzo kwa kila nchi ukavunjika na bei ikaporomoka duniani kote. Kwetu Tanzania tukaongezewa jambo la pili. Mwaka 1994 soko la kahawa likafunguliwa kwa wanunuzi binafsi, na vyama vikuu vilivyozoea kuwa mnunuzi pekee vikajikuta vinashindana na watu wenye fedha mkononi. KNCU ya Kilimanjaro na KCU ya Bukoba zilikuwa miongoni mwa vyama vya mwanzo Afrika kuuza kwa njia hii. Walioitafuta biashara ya haki miaka ile walikuwa wakizama, nasi tusisahau hilo tunapoipima leo.

Sasa tufanye hesabu, kwa sababu mkutano mkuu wa wakulima wa kahawa unaelewa hesabu kuliko hotuba.

Kuna vitu viwili, na watu huvichanganya. Cha kwanza ni bei ya chini. Tangu Agosti 2023, bei ya chini ya Fairtrade kwa Arabika iliyooshwa, kama yenu, ni dola 1.80 kwa ratili. Kilo moja ni ratili mbili na ushei, kwa hiyo ni kama dola 3.97 kwa kilo. Kabla ya hapo ilikuwa dola 1.40 kwa ratili, na ilikaa hapohapo tangu 2011, miaka 12 mizima, huku gharama za mkulima zikipanda kila msimu. Hilo ni kosa la mfumo wenyewe na ninalisema waziwazi. Robusta ya kukaushwa na maganda yake, kama ya Kagera, ilipanda mwaka huohuo wa 2023 kutoka dola 1.01 hadi 1.20.

Angalia neno ambalo wanunuzi hulipita haraka: hiyo ni bei ya bandarini, kahawa ikiwa tayari kupakiwa melini. Mkulima halipwi hiyo. Kutoka hapo hutoka kukoboa, magunia, lori kutoka Mbinga hadi pwani, tozo, riba ya mkopo wa msimu, na makato ya chama. Ukisimama mkutanoni ukatamka "dola 3.97 kwa kilo" bila kuliweka hili wazi, msimu wa malipo utaitwa mwizi hata kama hukugusa senti.

Na bei ya chini hufanya kazi siku mbaya tu. Soko likiwa juu yake, mnalipwa bei ya soko. Mwanzoni mwa 2025 Arabika ilivuka dola 4 kwa ratili katika soko la New York. Hapo bei ya chini imelala usingizi, na ndiyo maana vijana wako wanauliza ya nini. Lakini wewe na mimi tunakumbuka 2019, soko liliposhuka chini ya dola 1. Tuchukue kontena moja la magunia 320 ya kilo 60, yaani kilo 19,200. Soko likiwa dola 1.20 nanyi mkalipwa 1.80, tofauti yake kwa kontena hilo moja ni zaidi ya dola 25,000. Kwa chama cha watu 412, fedha hiyo ndiyo inayoamua kama mwaka ule watu watang'oa mikahawa wapande mahindi au wataivumilia.

Kitu cha pili ni malipo ya ziada, ambayo kwenye vyama wengi huyaita primiamu. Kwa kahawa ni senti 20 za dola kwa kila ratili, na hulipwa juu ya bei, soko likiwa juu au chini. Katika hizo, angalau senti 5 lazima ziende kwenye ubora na tija ya kahawa. Kontena moja huleta kama dola 8,460. Tani zenu 40 ni makontena mawili na kidogo. Mkiyauza yote mawili chini ya nembo, ni karibu dola 16,900 kwa mwaka. Ukiyagawa malipo ya ziada ya kontena moja kwa wanachama 412, kila mmoja anapata dola 20 na senti kadhaa. Mwaka mzima.

Nimeandika hesabu hii kwa urefu kwa sababu mabishano mengi niliyoyashuhudia yanatokana na kutoijua. Mnunuzi anasema "fedha za maendeleo", kijiji kinaona zahanati, barabara na sekondari. Dola 16,900 hazijengi zahanati na kuiendesha. Zinatosha kununua mashine nzuri ya kumenya, au kujenga meza za kuanikia, au kuwa mtaji wa mzunguko wa kukopesha pembejeo. Ni fedha ya maana ikipewa kazi inayolingana nayo.

Lakini nimesema "mkiyauza yote mawili". Hapo ndipo penye ugonjwa mkubwa wa mfumo huu. Duniani kote kahawa yenye cheti ni nyingi kuliko wanaotaka kuinunua kwa masharti ya cheti, hivyo sehemu kubwa yake huuzwa kama kahawa nyingine yoyote, bila bei ya chini na bila malipo ya ziada. Wachumi Alain de Janvry, Craig McIntosh na Elisabeth Sadoulet walifuatilia vyama vya kahawa vya Guatemala na kukuta jambo hilohilo: kila nembo ilipokuwa na faida, vyama vingi zaidi viliingia, kila kimoja kikauza sehemu ndogo zaidi chini ya nembo, na gharama za cheti zikaila faida iliyobaki. Utafiti wao ulitoka mwaka 2015, na sijaona sababu ya kuamini kwamba mambo yamegeuka.

Kwa hiyo swali la kumuuliza mnunuzi ni moja kabla ya mengine yote: utanunua tani ngapi chini ya nembo, na kwa misimu mingapi? Akijibu "tutaona soko", mmepata jibu lenu. Chama kikiuza chini ya robo ya kahawa yake kwa masharti ya Fairtrade, ondoa gharama ya ukaguzi, muda wa katibu (ambao ni wewe, na hakuna atakayekulipa) na safari za mafunzo, kisha uone kinachobaki.

Sasa nije kwa vijana na "watu wa ofisini".

Kanuni za Fairtrade zinasema malipo ya ziada yanaamuliwa na mkutano mkuu wa wanachama, kwa kura, na matumizi yake yanaandikwa na kusomwa mbele yao. Kanuni ni nzuri, na watu wameipigania. Mwaka 2017 kampuni ya maduka ya Sainsbury's ya Uingereza iliiondoa nembo ya Fairtrade kwenye chai yake yenyewe na kuleta mpango wake, ambao ungewataka wakulima waombe fedha hizo kupitia bodi iliyoko London, badala ya kuzipokea na kuamua wenyewe. Wakulima wa chai wa Afrika, wakiwemo wa Kenya, Malawi na Rwanda, walipinga hadharani. Kiasi cha fedha hakikuwa kimepunguzwa. Walichogombea ni kura.

Hata hivyo kura bila taarifa ni kivuli. Miaka ya nyuma nilikaa kwenye mkutano mkuu wa chama kimoja cha kaskazini. Ajenda ya malipo ya ziada ililetwa saa kumi jioni, watu wamechoka, akina mama wengi wameshaondoka kwenda kupika. Mwenyekiti akasoma mstari mmoja, ununuzi wa gari la chama, mikono ikainuliwa, ikaisha. Kila kitu kilikuwa halali. Mkaguzi alipokuja alikuta muhtasari wenye saini. Lile gari sijawahi kusikia limebeba gunia la mkulima.

Kwa hiyo nikushauri kama mtu aliyeliona: ajenda hiyo iwe ya kwanza asubuhi. Siku saba kabla, bandikeni kwenye ghala karatasi yenye mapendekezo matatu na gharama ya kila moja kwa shilingi. Na iandikwe kwenye masharti ya chama kwamba kiasi kilichopokelewa kutoka kwa mnunuzi kitabandikwa ukutani ndani ya wiki mbili tangu kiingie benki. Vijana wako wanaodai ni ulaji, wape watu wawili kwenye kamati ya kusimamia fedha hizo. Nasema hivi kwa dhati. Walinzi bora wa fedha ya chama niliowahi kuwaona walikuwa vijana walioanza kwa kutoiamini kabisa.

Fedha hizo ziende wapi? Hapa nina msimamo wangu na siufichi. Zahanati, darasa na kisima ni kazi ya serikali inayokusanya kodi yenu, na chama kikibeba mzigo huo kila mwaka, wenye jukumu hupumua. Nimeona darasa lililojengwa na chama likingoja mwalimu miaka. Ninachokiona kinadumu ni fedha iliyowaongezea wakulima umiliki. UCIRI kule Oaxaca walianzisha mabasi yao wenyewe, kwa sababu walanguzi ndio walioshika usafiri, na aliyeshika usafiri ndiye aliyepanga bei. KCU ya Bukoba ilitumia sehemu ya mapato ya biashara ya haki kununua hisa za TANICA, kiwanda cha kahawa ya papo kwa hapo kilichopo palepale Bukoba, serikali ilipokiuza. Ukiwa na hisa ya kiwanda, hata mnunuzi wa nembo akiondoka, kuna kitu kimebaki mkononi mwa wanachama.

Na upo ushahidi unaoelekea hukohuko. Mwaka 2015 watafiti Brian Chiputwa, David Spielman na Matin Qaim walilinganisha kaya za wakulima wa kahawa nchini Uganda. Walioko kwenye Fairtrade walikuwa na hali ya maisha bora kwa asilimia 30 kuliko wenzao wanaofanana nao wasio na cheti. Kwa nembo nyingine walizozipima, ya kilimo hai na UTZ, hawakukuta tofauti ya kueleweka. Sababu mojawapo ilikuwa kwamba wakulima wa Fairtrade walikuwa wakikoboa kupitia ushirika wao na kuuza kahawa safi, wakati wenzao waliuza ikiwa na maganda yake kwa mchuuzi aliyekuja mlangoni. Ninyi tayari mna kituo cha kumenyea. Mmeshatangulia hatua moja, na sehemu ya faida ambayo wengine waliipata kwa kuingia Fairtrade ninyi mnayo bila cheti. Liweke hilo kwenye mizani.

Uliuliza atafaidika nani hasa. Hili ndilo linalonikosesha usingizi katika biashara hii, na ndilo lisilosemwa kwenye mabango.

Mfumo ulibuniwa kwa ajili ya mwanachama. Mwanachama ni mwenye shamba, mwenye jina kwenye daftari, mwenye kura. Lakini Mei hadi Septemba, kahawa yenu inachumwa na nani? Unajua jibu kuliko mimi. Kuna watu wanaotembea kutoka vijiji visivyo na kahawa, wanalipwa kwa debe, wanalala kwenye banda. Wengi ni wanawake, na wengine wana watoto mgongoni. Hawamo kwenye hesabu yoyote niliyoifanya hapo juu.

Mwaka 2014 watafiti wa chuo cha SOAS cha London, Christopher Cramer, Deborah Johnston, Carlos Oya na John Sender, walitoa ripoti kuhusu vibarua wa kahawa, chai na maua nchini Ethiopia na Uganda. Walikuta kwamba katika maeneo yenye Fairtrade vibarua hawakulipwa vizuri zaidi, na mara nyingi walilipwa chini kuliko kwingine. Kwenye ushirika mmoja wa chai, vyoo vya kisasa vilivyojengwa kwa malipo ya ziada vilitumiwa na mameneja wakubwa tu. Zahanati iliyojengwa kwa fedha hizohizo ilitoza ada ambayo kibarua hakuimudu. Fairtrade walibishana na jinsi ulinganisho ulivyofanywa, na sehemu ya hoja zao ina uzito, kwani mashamba makubwa na vyama vya wakulima wadogo si kitu kimoja. Lakini wengine waliokuja baadaye, kwa njia tofauti, wamegusa mfupa uleule. Kakao ya Côte d'Ivoire, mwaka 2019: Eva-Marie Meemken na wenzake walikuta wafanyakazi wa ofisi na maghala ya ushirika wamefaidika, ila wanaofanya kazi shambani kwa mkulima hawakufaidika. Kahawa ya Costa Rica, mwaka 2022: Raluca Dragusanu, Eduardo Montero na Nathan Nunn walikuta kipato cha wenye mashamba kimepanda, walanguzi wamepungukiwa, na vibarua wasio na ujuzi hawakuona badiliko. Nchi nne tofauti na mazao tofauti, na kila mahali aliyeachwa nje ni mchumaji.

Simlaumu mkulima mdogo hapa. Mwenye ekari moja na nusu, anayemlipa kibarua kwa fedha aliyokopa, naye si tajiri. Lakini chama kinaweza kuamua mambo ambayo mkulima mmoja hawezi: malipo ya debe yasiyoshuka chini ya kiwango kilichokubaliwa na wanachama wote, debe la kipimo kimoja (mnajua mchezo wa debe lililobinuliwa ili liingize zaidi), maji safi na choo pale kituoni kinachofunguliwa kwa kila anayeleta kahawa. Hizi senti 20 zinaweza kulipia hayo. Mkutano ukipenda.

Kuna wa pili anayekosa, naye yumo ndani ya nyumba ya mwanachama. Kwenye mkutano mwingine, si ule wa gari, mama mmoja alisimama nyuma ya ukumbi akauliza: "Kahawa nimepalilia mimi, nimechuma mimi, nimeanika mimi. Kwenye hilo daftari mmeandika nani?" Ukumbi ulinyamaza. Daftari lilikuwa na majina ya waume. Hakuna aliyekuwa amewakataza wanawake kujiunga. Masharti yalitaka mwanachama awe na shamba, na shamba huandikwa kwa jina la mume, basi.

Wapo waliolitafutia dawa. Kasese, Uganda, kwenye miteremko ya Rwenzori, ushirika wa Bukonzo Joint uliwakalisha mume na mke pamoja na kuwachorisha: nani anafanya kazi gani, nani anashika fedha, tunataka tufike wapi. Picha, kwa sababu wengi hawakuwa wanasoma. Baadhi ya kaya ziliishia kuandikishana ardhi kwa majina mawili. Hilo halikuletwa na cheti, lilitangulia, na cheti kilipokuja kilikuta wanawake wameshaingia kwenye daftari.

Na wapo ambao biashara hii iliwaokoa kwa maana halisi ya neno. Pembeni mwa Ziwa Kivu, upande wa Kongo, vita viliua soko la kahawa. Wakulima walivusha magunia usiku kwa mitumbwi kwenda Rwanda, mara nyingi kubadilishana na chumvi, sabuni na nguo. Mitumbwi ilizama, wanaume wakafa, vijiji vikajaa wajane. Ushirika wa SOPACDI ulianzishwa Minova mwanzoni mwa miaka ya 2000, ukajenga kituo cha kuoshea kahawa, na mwaka 2011 ukapata cheti cha Fairtrade, wa kwanza wa kahawa nchini Kongo. Kahawa ikaanza kuondoka mchana, kwa karatasi halali, na wajane wakiwa wanachama. Nikisikia mtu akisema biashara ya haki ni danganyo la Wazungu la kutuliza dhamiri zao, nawakumbuka wanawake wale na siwezi kukubaliana naye.

Jambo ambalo hukuliuliza ila litakufika: magoma. Kagera wanaita butura, kwenu magoma, kahawa inayouzwa ikingali ua kwa mtu aliyekuja na fedha Januari, mwezi wa karo. Mkulima aliyeshauza kwa magoma hawezi kuleta kahawa chamani, na chama kisichopata kahawa hakiwezi kujaza kontena la mnunuzi. Nimeona mikataba mizuri ikivunjika hivyo. Fairtrade ina kanuni inayosaidia hapa na wachache huidai: chama kikiomba, mnunuzi anapaswa kuwapa au kuwatafutia mkopo wa kabla ya mavuno, hadi asilimia 60 ya thamani ya mkataba. Ombeni. Kwa chama cha ukubwa wenu, naona hilo lina thamani kuliko malipo ya ziada yenyewe, kwa sababu linamkuta mkulima mwezi ule ambao mlanguzi humkuta.

Kingine kidogo: cheti hiki hakiwapi kibali cha sheria mpya ya Ulaya dhidi ya ukataji misitu, ile iliyopitishwa 2023 na kuahirishwa zaidi ya mara moja. Hiyo inataka vipimo vya mahali lilipo kila shamba. Kama mnunuzi atalipia upimaji wa mashamba ya wanachama 412, ichukueni, ila hakikisheni data inabaki mali ya chama.

Ningekuwa kwenye nafasi yako, mkutanoni nisingeomba kura ya "tukubali au tukatae". Ningeomba ruhusa ya kurudi kwa mnunuzi na mambo manne kwa maandishi: tani atakazonunua chini ya nembo kwa misimu mitatu, nani analipa ukaguzi wa kwanza, mkopo wa kabla ya mavuno utatoka lini, na kama tutauza kwake tu au tuko huru kumtafuta mwingine. La mwisho ni muhimu sana. Baadhi ya wanunuzi hulipia cheti kisha kikawa chao, na mkigombana nao wanaondoka nacho. Cheti kiwe kwa jina la chama.

Akirudisha barua yenye tani zinazofikia angalau kontena moja kati ya mawili kila msimu, na cheti kwa jina lenu, ningewashauri wanachama wakubali. Akikataa kuandika tani, endeleeni kuuza kama mnavyouza na muongeze ubora pale kituoni; hakuna mlichopoteza.

Na lipo moja usilosubiri kura ili ulianze. Msimu huu, wachumaji watakapofika kituoni, fungua daftari la pili pembeni ya lile la wanachama. Andika jina la kila aliyebeba debe, kijiji alikotoka, na alicholipwa.